Tarumbeta la Saba

Raheli hapendi muziki wa roki. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaomwona kila mwaka kwenye kikao cha mashabiki wa Alen Shemndolwa, ameketi benchi la nyuma na kofia yake ya sufi, kikapu cha mapeasi kati ya miguu, hudhani mama wa watu amechanganywa na magitaa uzeeni. Hata kidogo. Magitaa yanamuumiza kichwa. Alen mwenyewe alikutana naye mara moja tu alipokuwa hai, na maneno ambayo Raheli alimwambia ni kwamba amekonda mno, anywe uji.

Shabiki ni mimi. Naitwa Abrahamu, mkulima wa karoti huku Magamba, nina miaka sitini na mitatu, na ulimi wangu umenigombanisha na watu wengi kuliko magugu niliyong'oa. Nilimpenda Alen tangu kanda yake ya kwanza, naye akanitesa maisha yake yote, maana alibadili mtindo kila kanda kama mtu anayebadili nguo. Kanda ya kwanza, Gitaa la Bati, ilikuwa roki tupu. Ukiicheza, kuku walikimbilia uvunguni. Tukajua huyu ndiye wetu. Ya pili akaja na saksafoni na suti nyeupe, muziki wa dansi wa kujipaka manukato, nikaitupa shimoni na kesho yake nikashuka kuitafuta. Ya tatu kinanda kitupu, ya nne mitambo ya kompyuta, ya tano Kishambaa mwanzo mwisho na ngoma mbili. Ya sita ni hii nitakayoisimulia. Ya saba alikuwa ananong'ona tu, kisha akafia Tanga, moyo ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Tangu afe, mashabiki tuliobaki Lushoto hukutana Jumamosi moja kwa mwaka kwenye karakana ya Clemence, fundi redio, nyuma ya soko. Kazi yetu ni kuchagua albamu iliyo bora kuliko zote. Clemence hupanga makopo saba mezani, kila kopo limebandikwa jalada la albamu yake, na kila mtu hutumbukiza punje moja ya harage. Mwalimu Hadija hutetea ya pili kwa machozi kabisa, kwamba ndiyo iliyomfundisha kucheza. Nassoro wa viazi hataki kusikia kitu chochote baada ya ya kwanza. Kwake yeye Alen alikufa siku aliyovaa suti. Tunarushiana maneno hadi chai inapoa. Ukitusikiliza utadhani tunazungumzia watu saba tofauti, na pengine ni kweli. Albamu inayoshinda huchezwa yote kwenye deki ya Clemence, mlango umefungwa, hakuna kusema wala kutoka nje. Nyingine hazichezwi mpaka mwaka unaofuata. Unyevu wa milima hii umekwisha kula kanda nyingi, hizi za Clemence ndizo zilizosalia, na yeye ni mbishi, hataki kuziingiza kwenye simu.

Sasa hiyo ya sita. Inaitwa Waliolala.

Kanisani kwetu, alfajiri ya Pasaka, bendi ya tarumbeta hupanda makaburini kabla jua halijatoka na kupiga wimbo wa ufufuo kati ya misalaba. Alen, akiwa amechoka na kompyuta zake, alikuja mwaka mmoja na mashine ya kurekodia na vipaza sauti vinne, akaomba ruhusa, akaviweka kwenye majani. Alitaka kuwarekodi kisha aende kuweka gitaa lake juu. Mwaka huo bendi ilikuwa na nafasi saba na wapigaji sita. Fanueli, mpigaji wa sauti ya tena, ile ya tatu katika sauti nne za wimbo, alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, kwenye Kwaresima, baada ya homa ya mapafu. Na kwenye bendi yetu mpigaji akifariki, nafasi yake kwenye mstari inaachwa wazi mwaka mzima. Sauti yake haipigwi na mtu. Mgeni akisikiliza ataona wimbo una shimo katikati, na shimo hilo ndilo linalotakiwa. Wazee wa bendi walisema marehemu anapewa mwaka huo amalizie nyimbo zake, ndipo aage vizuri. Mimi nilichukulia kwamba ni maneno ya kuwatuliza wafiwa.

Alen alipofika nyumbani na kusikiliza, akasikia tarumbeta saba.

Alirudi kumuuliza Mwalimu Paskali, kiongozi wa bendi. Mzee akamwambia ni mwangwi wa ukungu, akafunga mlango. Lakini wapigaji wawili waliacha bendi wiki hiyohiyo na hawakusema kwa nini, na mmoja wao mpaka leo hapiti njia ya makaburini, anazunguka na bonde zima. Alen akaitoa albamu vilevile, pamoja na tarumbeta la saba. Ndiyo maana watu wengine wa kikao chetu huipa Waliolala harage lao kila mwaka. Wanaipenda jinsi mtu anavyopenda kuchungulia kisima.

Fanueli alikuwa mume wa Raheli.

Raheli amezaliwa hapahapa, mtoto wa nne wa mama aliyekuwa akipika kwenye nyumba ya wageni ya misheni. Alipofika darasa la saba alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya watu wazima, amesimama juu ya kigoda ili aonekane. Alikuwa na sikio la kuogopesha. Angeweza kukaa jikoni akichambua mboga na kukuambia nani kanisani anakohoa, nani ana mafua, nani ameshika tarumbeta la mwenzake. Fanueli alipomuoa alimkuta tayari anajua nyimbo zote za bendi, kila sauti, naye Raheli akawa anamsahihisha mumewe jioni akifanya mazoezi uani. Watu walicheka kwamba Fanueli anapiga tena na mkewe anapiga Fanueli.

Alipofiwa alikuwa na watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Hakurudi kwao. Alililima shamba lile la mteremko peke yake, kabeji juu, maharage chini, akabeba mizigo kichwani mpaka barabarani siku za gulio, akawasomesha wote. Beatha, binti yake mkubwa, sasa ni muuguzi Korogwe. Sijawahi kumsikia Raheli akilalamika, na hilo peke yake lingetosha kumpenda, kwa mtu kama mimi ambaye nalalamika hata mvua ikinyesha kwa wakati.

Nilimpenda. Mbona nizunguke? Mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita, watoto wangu wako mijini, na mwaka juzi nikaanza kumpelekea Raheli karoti ambazo hakuzihitaji. Tukazoeana. Alinifuma sweta. Mwezi Machi mwaka huu nikavaa koti, nikaenda kumwambia kwamba nataka tufunge ndoa, wawili wazee, kanisani, bila shamrashamra.

Hakucheka. Alinikaribisha kiti, akachochea moto, akaniambia, "Baba Esteria, wewe ni mtu mzuri ukinyamaza. Lakini Fanueli bado anapiga. Namsikia kila Waliolala inaposhinda pale kwa Clemence. Nitaolewaje na mwingine, naye hajamaliza?"

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira ya kupasua mawe. Nilikuwa nakataliwa kwa ajili ya marehemu. Tena marehemu mwenyewe nilikuwa mimi.

Ndiyo, tarumbeta la saba lilikuwa mimi. Kabla ya Fanueli, sauti ya tena ilikuwa yangu. Niligombana na Mwalimu Paskali juu ya noti moja, nikamwita kiziwi mbele ya bendi, nikafukuzwa, na Fanueli akapewa nafasi yangu. Alikuja kwangu kuniomba radhi kwa kosa ambalo si lake, nami sikumfungulia mlango. Alikuwa mpigaji mzuri. Nilikaa miaka sita nyuma ya kanisa nikimsikiliza akipiga sauti yangu vizuri kuliko mimi.

Pasaka ile nilipanda makaburini peke yangu, kwa njia ya juu, na tarumbeta la baba yangu ndani ya koti. Sikujua nalibebea nini. Nilisimama ndani ya miti ya misindano, nje ya ua wa makaburi. Ukungu ulikuwa mzito, sikuwaona, niliwasikia tu wakisafisha makoo. Wakaanza. Na ule wimbo nilioujua tangu utotoni ukapita mbele yangu bila sauti ya tena, wenyewe ukiwa wazi. Sikuvumilia. Sijui kama ilikuwa huzuni au ni ile tamaa yangu ya zamani ya kurudishiwa kilicho changu. Nikaweka tarumbeta mdomoni nikapiga.

Hakuna aliyenijua. Walipomaliza hata salamu ya Pasaka haikutolewa. Nilisikia miguu ikishuka haraka. Nikabaki pale mpaka kumekucha, nikateremka kwa njia niliyopandia. Baadaye niliposikia habari zimeenea, na kanda imetoka, na mjane wa watu anasikiliza, nikaona aibu kusema. Mwaka wa kwanza aibu, mwaka wa tano woga, mwaka wa kumi nikaona mbona inamfariji. Kila Waliolala iliposhinda nilijifanya tumbo linaniuma, nikatoka kabla Clemence hajafunga mlango. Kwa hiyo sijawahi kuisikia. Mashabiki wote wa Alen wa wilaya hii wameisikia, isipokuwa mimi niliyemo.

Na kila mwaka harage langu lilikwenda Gitaa la Bati. Nilimchochea Nassoro, Nassoro akawashawishi wapwa zake, na mara nyingi tukashinda. Raheli alikuwa akiinuka, anashukuru kwa Kishambaa, anagawa mapeasi, anaondoka. Sikuwahi kujiuliza anakwenda vipi na uchungu ule mpaka mwaka mwingine.

Mwaka huu nikaamua. Nitaipa Waliolala harage langu, ishinde, nimweleze Raheli ukweli, basi. Akishajua kwamba anayepiga ni mtu hai anayemletea karoti, Fanueli atakuwa amepumzika, na mimi nitakuwa na jibu langu. Nilijiona mwerevu sana.

Jumamosi ile ukungu ulishuka tangu saa nane mchana. Uliingia sokoni ukafuta vibanda kimoja kimoja, na tulipokuwa tunafika kwa Clemence tulijuana kwa sauti. Tulikuwa kumi na mmoja. Clemence alimwamkia Raheli, "Shikamoo mama," akamwekea mto kwenye benchi kama kawaida. Mwalimu Hadija akatetea suti nyeupe. Nassoro akapiga meza. Zamu yangu ilipofika nilimpisha anayefuata, na Nassoro akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Clemence alihesabu. Gitaa la Bati punje nne. Suti ya Hadija mbili. Waliolala tano.

"Baba Esteria, umetuuza," Nassoro akasema.

Clemence alikuwa amefungua deki anasafisha kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti, kazi ambayo huichukulia taratibu kama daktari wa macho. Nikamwomba Raheli tutoke kidogo barazani. Alibeba na kikapu chake. Huko nje hapakuwa na kitu, hata ukuta wa ng'ambo hauonekani, weupe tu unaopumua.

"Mama Beatha," nikasema, "kabla hatujaingia nina neno zito. Unisamehe. Lile tarumbeta la saba si Fanueli. Ni mimi. Nilikuwa nje ya ua, kwenye misindano. Nilikosa adabu, nikajaza nafasi ya marehemu. Nimekuficha miaka ishirini na moja."

Raheli alichukua peasi, akalifuta kwa kanga, akaliangalia. Nilisubiri alie, au anipige nalo.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu mara ya kwanza. Wewe unapuliza kwa hasira, Baba Esteria. Unaikaba noti kana kwamba itatoroka. Nilikusikia kanisani miaka mingapi kabla hawajakufukuza? Nitakusahau?"

Nikajikuta napandisha sauti, maana ndivyo nilivyo, nikikosa la kusema nagomba. "Sasa kama unajua ni mimi, umenikatalia nini? Fanueli gani anayepiga?"

Akanitazama, na hapakuwa na ukali wowote machoni mwake. Afadhali ukali ungekuwepo.

"Wewe unaingia ubeti wa pili," akasema. "Ubeti wa kwanza ulikuwa unafanya nini?"

Nikafikiri. Mbona nilikuwa nakumbuka kila kitu cha asubuhi ile? Kidomo cha tarumbeta kilikuwa cha baridi mpaka kinauma midomo. Nilikuwa nimekichomoa nimekiweka kwapani, nakipasha joto, wakati wenzangu wa zamani wanaanza ubeti wa kwanza ndani ya ukungu. Nilisikiliza ubeti mzima kikiwa kwapani. Ule ubeti uliokuwa wazi. Mimi niliusikia wazi.

"Nilikuwa napasha kidomo," nikasema.

"Ehee," akasema Raheli, kama mtu aliyethibitishiwa jambo dogo. "Basi leo usiumwe tumbo. Ingia ukae na mimi. Jibu lako utalikuta humo."

Ningeweza kwenda zangu nyumbani. Sijui kwa nini sikuenda. Tuliingia, nikakaa benchi la nyuma karibu naye, na Clemence akafunga mlango akasukuma komeo. Ukungu ulikuwa umekwisha kutangulia ndani, umekaa juu ya redio mbovu kwenye rafu. Hadija alijifunika mtandio mpaka kidevuni. Clemence akabonyeza.

Upande wa kwanza ulipita wote, gitaa la Alen likienda polepole na sauti yake ikiwa imezeeka ghafla, nami sikusikia hata neno. Clemence akageuza kanda. Ikavuma. Kisha nikasikia asubuhi ile: majani yenye umande yanakanyagwa, mtu anakohoa, ndege mmoja wa msituni analia mara mbili. Mwalimu Paskali akahesabu kwa kunong'ona. Sasa ni marehemu naye, lakini alihesabu.

Wakaanza, na shimo halikuwepo.

Sauti ya tena ilikuwa pale tangu noti ya kwanza, laini, iko katikati ya wengine mahali pake kabisa. Nilijaribu kusema ni mwangwi. Mwangwi hufuata nyuma. Hii ilikuwa inawaongoza wenzake kidogo, ilivyokuwa desturi yake. Kwenye mstari wa tatu ikavuta pumzi mapema, pumzi fupi ya mtu mwenye kifua kibovu, nami ninaijua ile pumzi, miaka sita nilikaa nyuma ya kanisa nikiisubiri ili niicheke. Raheli pembeni yangu alikuwa amefumba macho, vidole vyake vinatembea juu ya goti, sauti ya pili, wanapiga pamoja. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo ndoa yake, ubeti mmoja kwa mwaka, ule ambao harage langu lilikuwa linamnyima.

Fanueli alikuwa hana haraka. Alipiga kama mtu aliyepewa mwaka mzima amalizie nyimbo zake. Ubeti ukaisha, akavuta pumzi, akaanza wa pili, noti mbili, tatu.

Ndipo likaingia tarumbeta jingine kutoka upande wa misindano, kwa nguvu, kwa hasira, bila hodi. Yule wa kwanza akasita. Akajaribu tena noti moja, kwa chini, kama mtu anayeuliza kama hapo pana mwenyewe. Lile jingine halikumsikia. Likapandisha sauti.

Akanyamaza, akawaachia wimbo, na mimi nikaupiga mpaka mwisho.